Barua ya Kumi na Tano

Ujumbe wa Jenerosa ulinikuta Louisville, Marekani, kwenye duka la matairi, nikisubiri gari langu lishushwe kutoka juu ya jeki. Aliandika kwamba baba yake, Mzee Zakaria, ametutoka asubuhi hiyo, na mazishi ni Jumamosi, Lackawanna, upande wa kusini wa Buffalo. Aliongeza: "Wewe utasema neno." Hakuuliza kama ningependa. Mimi ni mtu wa kuhama. Wanaonipigia simu huuliza kwanza niko wapi, ndipo huuliza hali. Nimeishi Louisville mara mbili, Columbus mara moja na Buffalo mara tatu, na kila nilipofunga mizigo nilijisemea kwamba kazi ni bora huko niendako, ingawa ghala ni ghala na maboksi ni maboksi. Barabara ya Buffalo inapita Columbus, kwa hiyo nilijua kwamba kabla ya kumfikia marehemu ningelazimika kupita katikati ya mwaka ule. Nasema mwaka ule kama vile ulikuwa mmoja tu, na kwangu ni mmoja: ule ambao Waingereza walikuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya miezi michache. Nilikuwa nimevuka arobaini, umri ambao mtu hudhani ameshaumbwa na kukauka. Nilikuwa bado udongo.

Siku hizo tulikuwa watano kwenye gari la Josua, mtu wa milima ya Kivu Kusini, aliyetupeleka kazini kila siku kwenye ghala lililo ng'ambo ya Gahanna, kitongoji cha Columbus, karibu na uwanja wa ndege. Kiti cha mbele kilikuwa changu kwa sababu simu yangu ndiyo iliyokuwa na habari. Kambini Tanzania, nilikokulia na kumaliza sekondari, redio ya London kwa Kiswahili ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani. Wengine walijifunza nyimbo, mimi nilijifunza bunge la Waingereza. Nilijua nani anakaa upande gani, na kwa nini wanazomeana kama watu wa sokoni na hakuna anayepigwa. Kwa hiyo chama tawala cha kule kilipoanza kumchoka kiongozi wake, Josua aliniambia, "Dada Spesi, weka ile ya London. Ya huku inaniumizaka kichwa." Nyuma yetu alikaa Mama Nadine, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ambaye asubuhi zote alikula chapati baridi kutoka kwenye mfuko wa koti.

"Bon, minaomba unielezee," akasema siku moja. "Ule mukubwa, benye kumufukuza ni ba upinzani ao?"

"Hapana, Mama Nadine. Ni wa chama chake."

"Chama yake yeye mwenyewe?"

"Chake mwenyewe."

"Na hana jeshi?"

"Jeshi analo. Halitumii kwa mambo hayo."

"Donc iko mujinga," akasema Josua, na gari zima likacheka mpaka tukapitiliza taa.

Nilicheka nao, lakini nilielewa swali. Sisi sote wa gari lile tuliondoka makwetu kwa sababu mtu fulani hakutaka kutoka kwenye kiti au mwingine alitaka sana kukikalia. Na huku kuna nchi ambako mkubwa anaondolewa kwa barua. Kila mbunge asiyemtaka anaandika karatasi ya siri, anampelekea mbunge mmoja anayeaminika na pande zote, na huyo anazifungia. Hataji idadi, hataji jina. Zikifika asilimia kumi na tano ya wabunge wa chama, anatangaza, kura inapigwa, basi. Asubuhi yake maduka yanafunguliwa. Hakuna anayekimbia na godoro kichwani. Nilipolieleza hilo kwenye gari, Mama Nadine alisahau chapati yake mkononi mpaka tulipofika kwenye maegesho.

Hapo ndipo nilipoanza kurekodi. Kila Jumapili mchana, nikiwa jikoni na sufuria ya maharage ikichemka nyuma yangu, nilituma uchambuzi wa dakika saba au nane kwenye kundi la simu la umoja wetu, umoja uliowaunganisha Warundi wa makambi ya Tanzania na watu wa Kivu katika miji mitatu. Sikutaja majina ya Waingereza, niliwapa yangu. Wa kwanza nilimwita Bwana Nywele. Aliposhinda kura ya imani kwa tofauti isiyomheshimisha, nilisema: "Huyu hajapona. Ameruhusiwa kwenda kufia nyumbani." Mwezi uliofuata mawaziri wake walipoanza kujiuzulu mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, niliwaambia wasimhesabu wa kwanza kuondoka, kwa maana huyo ana kinyongo chake, wala wa pili, kwa maana anamfuata rafiki. "Mtazameni wa tatu. Wa tatu amenusa." Na nilisema jambo ambalo ningelisema hata leo, maana ninapoandika haya minong'ono imeanza tena kule London: chama hakimwondoi kiongozi siku anapokosea. Kinamwondoa siku kinapoamini kitazama naye. Watu wa Buffalo walinisikiliza wakifua nguo. Wa Louisville walibishana nami kama vile mimi ndiye niliyemteua Bwana Nywele. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii kuna kitu nilichokifanya vizuri kuliko wote waliokuwa karibu nami, na nilikifanya bila unyenyekevu wa uongo.

Aliyenisikiliza kuliko wote ni mwenyekiti wetu, Mzee Zakaria. Alikuwa akinijibu kwa rekodi ya sentensi moja: "Binti yangu, leo umesema vizuri, ila umesema haraka." Nilimwita Baba, na si kwa adabu tu. Nilipotua Louisville mara ya kwanza, yeye ndiye niliyemwona mlangoni, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa taulo, ndani yake maharage na ugali wa muhogo. Ilikuwa sheria yake na ndiyo iliyokuwa roho ya umoja: mgeni wetu asipokewe na uso usio wa kwetu, na asile chakula cha kwanza kikiwa baridi. Alipohamia Columbus, mji ulio katikati ya mingine miwili, umoja ulihamia naye. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkosa mgeni.

Baada ya Pasaka nilikwenda naye kumpokea mtu. Alikuwa anaendesha yeye, kwenye barabara aliyoizoea kama njia ya kwenda chooni kwake, na alipofika njia ya kuingilia uwanja wa ndege akaipita. Nikasema, "Baba, tumepita." Akasema anajua. Akaipita na ya pili. Tulizunguka Gahanna karibu nusu saa, kati ya nyumba zenye nyasi zilizokatwa vizuri, naye akinisimulia hadithi ya ng'ombe wa babu yake, na alipoimaliza akaianza upya. Nilicheka. Nikamwelekeza. Jioni nilijiambia kwamba wazee wote husahau, kisha nikajiambia mambo mengine ya namna hiyo. Nilikuwa mtu wa kusema kila Jumapili juu ya watu nisiowajua, na juu ya huyu niliyemjua nikafunga mdomo.

Mwezi wa saba mama yake Josua alifika. Mjane wa miaka sabini na kitu, peke yake, hajui Kiingereza wala Kifaransa, na jina lake limeandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia kifuani. Josua alikuwa kazini na msimamizi alimkatalia ruhusa. Mzee Zakaria akasema, "Tulia, mama yako ni wangu." Ndege ilitua saa nne asubuhi. Saa kumi jioni, tulipotoka kazini na Josua akapiga simu nyumbani, hakuna aliyekuwa amemwona. Tulimkuta kwenye benchi karibu na mahali pa mizigo, amekaa wima, mkoba mapajani. Hakuwa amekwenda kunywa maji wala kujisaidia, kwa sababu aliambiwa atapokewa hapo na aliogopa kwamba akinyanyuka mpokeaji atapita. Nguo yake ilikuwa imelowa. Josua alivua koti lake, akamfunga kiunoni, akamwinua. Sisi wengine tulitazama ile mikanda inayozungusha mizigo. Mzee Zakaria tulimkuta nyumbani kwake anatazama mpira. Sufuria ilikuwa mezani, imefungwa kwa taulo, imepoa.

Wazo la barua lilikuwa la Elias, makamu mwenyekiti, kijana aliyelelewa Louisville na kusoma chuo. "Dada, wewe mwenyewe umetufundisha," aliniambia mbele ya kanisa. "Sisi watu wazima ni kama mia moja. Barua kumi na tano, tunaitisha mkutano. Zinakuja kwako. Wewe ndiye tunayemwamini wote." Nilipaswa kukataa. Badala yake nilisikia raha iliyonipanda mpaka masikioni. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Barua hazikuja kwa karatasi. Wengi wetu hatupendi kuandika, kwa hiyo zilikuja kwa sauti, na watu wetu hawajui kusema bila kusalimia. "Shalom, Dada Spesi. Ni miye Mama Nadine, wa jengo la nyuma. Hii njo barua yangu ya siri. Minasoma kwanza Zaburi." Akasoma yote. Nyuma yake mtoto akamuuliza kwa Kiingereza anaongea na nani, naye akamjibu kwa Kiswahili kwamba haongei na mtu. "Muzee minamuheshimu sana, lakini apumuzike. Usiseme ni miye." Hivyo hivyo wengine: jina, mtaa, hali ya watoto, neno la Mungu, halafu kisu kidogo kilichofungwa ndani ya kitambaa. Ya Josua ilikuwa fupi kuliko zote. Alisema tu, "Unajua," akakata. Kufikia katikati ya Agosti zilikuwa kumi na nne, zikasimama hapo. Wiki moja, wiki mbili. Elias alinipigia kila siku kuuliza, nami nikamjibu kama wa London: mwenye barua hasemi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mzee Zakaria alikuja kula kwangu. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na dagaa. Alikula polepole, akisifu, akanawa mikono, ndipo akauliza, "Zimefika ngapi?"

"Baba, sheria ni kwamba sisemi."

"Sheria ya nani?"

"Ya kule."

"Nilikupokea mimi, leo wewe ni Mwingereza." Alicheka kweli, si kwa uchungu. "Haya. Nikitakiwa kuondoka nitaondoka, sikuzaliwa mwenyekiti. Lakini ningependa kumjua anayenitoa. Jenerosa, mtu asiyejulikana hamtoi mtu, anamwibia." Jenerosa alikuwa Buffalo, nyumbani kwa mumewe. Aliniita hivyo mara tatu mchana ule. Kisha akasimama, akatazama kulia na kushoto, akaniuliza choo kiko wapi, ndani ya nyumba ambayo yeye ndiye aliyeniombea funguo na kunibebea kitanda. Nilimwonyesha. Alipoondoka nilikaa mbele ya vyombo vichafu nikifikiri juu ya ndege inayofuata na mtu mwingine kwenye benchi, na juu ya Elias, na juu ya sufuria iliyopoa. Nilichukua simu. Nilisema jina langu, mji wangu, na kwamba namwomba Mzee Zakaria apumzike. Sikusoma Zaburi. Barua ya kumi na tano ikawa hiyo, na aliyeipokea ni mimi, na hakuna mwingine duniani aliyeijua. Siombi radhi kwa kuituma. Ilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi sasa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, wiki ambayo kule London walikuwa wanamalizia kumchagua wa pili. Wamarekani wa kanisa moja walituazima ukumbi wao wa chini, wenye viti vya kukunja na harufu ya kahawa iliyoungua. Watu walikuja kutoka Louisville na Buffalo wamevaa kama wa harusini. Wanawake walipanga sufuria kwenye meza ndefu: wali, ndizi, nyama ya mbuzi, sombe. Kwetu mkutano hauna mwisho usio wa chakula. Nilisimama nikasema nilivyojizoeza: "Barua zimefika kumi na tano." Mzee Zakaria akainuka. Siku ile alikuwa mzima kabisa, kila neno lake likiwa mahali pake.

"Walioandika wako humu?"

Watu wakageukia sufuria zilizokuwa mezani.

"Nauliza kwa sababu kwetu sisi, Warundi na ninyi watu wa mlimani, mtu mwenye neno na mwenzake humwita mbele ya wazee. Husema, mwenzake akisikia. Akishasema, wanakunywa chombo kimoja, hata kama ni Fanta, kwa kuwa sisi tumeokoka." Watu wachache walitabasamu. "Neno hilo linaweza kuwa kali. Nimeambiwa makali maishani na nikanywa. Lakini ninyi mmenisema ndani ya simu. Nitakunywa na nani?"

Niliona mabega ya Josua yakiinuka kama ya mtu anayetaka kusimama, kisha yakatulia. Mama Nadine alikuwa anatazama viatu vyake. Kumi na wanne walikuwa wanangoja mmoja asimame, na wa kumi na tano alikuwa tayari amesimama, mbele, na karatasi mkononi, akijifanya karani. Nilikunja karatasi. Mzee Zakaria alisema hakuna haja ya kura, akamshika Elias mkono, akamtakia heri, akatoka kwa mlango wa kando. Elias akatukaribisha chakula. Hakuna aliyekwenda mezani. Baada ya muda wanawake walianza kufunika, na sufuria zilirudi Louisville na Buffalo zimejaa.

Kilichofuata sikukipanga, na uchambuzi wangu haukukiona. Elias alibadilisha kila kitu ndani ya mwezi: vikao kwa Kiingereza, fomu za kujaza kwenye kompyuta, zamu za uwanja wa ndege kwa ratiba ambayo wazee hawakuweza kuisoma. Kule London wa pili naye alibadilisha mambo mengi kwa haraka, akaanguka kabla ya kumaliza wiki ya saba; gazeti moja liliweka kichwa cha saladi mbele ya kamera ili watu waone kipi kitadumu zaidi, na saladi ikashinda. Nilirekodi uchambuzi juu ya hilo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Mwezi huohuo Elias akaandika kwenye kundi kwamba ana masomo mengi. Mama Nadine aliombwa, akakataa, akaombwa tena, na mpaka leo ndiye mwenyekiti, na hakuna mgeni aliyekaa kwenye benchi. Mimi niliacha kurekodi. Kila nilipofungua mdomo juu ya barua za watu wengine, nilisikia ile yangu.

Desemba niliendesha mpaka Buffalo. Mzee Zakaria alikuwa amehamia kwa Jenerosa, West Side, katika nyumba ya mbao ya ghorofa mbili ambayo rangi yake ilikuwa inabanduka chini ya theluji. Nilimkuta kwenye kiti karibu na kifaa cha joto, blanketi magotini, basi la mji likipita nje na kutikisa kioo. Alinijua. Alinishika mkono, akauliza barabara ilikuwaje, kisha akasema, "Na London?"

Nikamweleza kwamba sasa wana wa tatu.

"Yule wa kwanza, mwenye nywele. Walimfukuza nchini?"

"Hapana, Baba. Ni mbunge tu. Anakaa viti vya nyuma."

"Chumba kimoja na walioandika?"

"Chumba kimoja."

"Wanasalimiana?"

"Wanasalimiana."

Akafikiri. "Na yule aliyeandika ya mwisho, ile iliyojaza hesabu. Alijitaja?"

Watu wa nyumbani kwake waliniambia baadaye kwamba siku zile hakumbuki jana, kwamba alikuwa akiuliza tu. Mimi nasema alijua, na alinipa London kama mtu anavyompa mgeni kiti.

"Hakujitaja," nikasema. "Ni mimi, Baba."

Jikoni, Jenerosa aliacha kukoroga. Mzee hakushtuka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mama yake Josua. Na kwa sababu mchana ule uliniita Jenerosa mara tatu, ukapotea ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo mara ya kwanza uliyoona?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana. Niliona Pasaka, kule Gahanna. Ulipita njia mara mbili."

"Na mama yake Josua alifika lini?"

"Mwezi wa saba."

Alitoa mkono kwenye blanketi, akakunja vidole kimoja kimoja, mwezi wa tano, wa sita, wa saba, akavitazama. "Barua yako haikunikosea," akasema. "Ilichelewa. Yule mama alikaa pale kwa sababu yangu na kwa sababu yako."

"Baba," Jenerosa akasema kutoka mlangoni, "mgeni ametoka mbali."

"Najua alikotoka. Ndiyo maana namwambia akiwa amekaa mbele yangu."

Jumamosi, Lackawanna, wale kumi na wanne watakuwepo karibu wote, na Josua ataleta mama yake. Sitataja jina la mtu yeyote. Nitataja langu, kisha nitawaeleza nilichokiona Pasaka nikanyamaza.